Mwongozo wa programu huria umekwama kwenye leseni: dalili, chanzo na namna ya kuukwamua

"Programu ni huria, basi na kitabu chake ni huria." Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Mwongozo una leseni yake, na mara nyingi ndani ya jalada moja mna leseni tatu: moja ya maandishi, nyingine ya mifano ya msimbo, ya tatu ya picha. Kwa hiyo kabla hujashika tiba yoyote hapa chini, pitia mwongozo wako ukurasa kwa ukurasa na uandike pembeni kila kipande kimetoka wapi. Orodha hiyo ikikamilika, nusu ya kazi imeisha.

Mifano imechukuliwa kwenye kazi za kawaida za Dodoma na wilaya zake: mwongozo wa LibreOffice (programu huria za kazi za ofisi) unaotafsiriwa kwa mafunzo ya watendaji wa kata Chamwino, nyaraka za mradi wa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kijitabu cha kutunza hesabu za zabibu kwa Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, kinachotakiwa na wakulima wa Hombolo, na steshenari inayoombwa nakala mia na ushee kabla ya Jumatatu.

Folda ya nyaraka imekaa kimya

Dalili: repo (hifadhi ya mafaili ya mradi) ina folda ya docs, ndani mna sura kumi na mbili zilizoandikwa vizuri, lakini hakuna mstari hata mmoja unaotaja leseni.

Kimya si ruhusa. Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapoandikwa, isajiliwe isisajiliwe, kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Aliyenyamaza amebaki na haki zake zote.

Lakini soma kwanza leseni ya programu yenyewe, maana baadhi huzibeba nyaraka. Leseni ya MIT inataja waziwazi programu pamoja na mafaili ya nyaraka yanayoambatana nayo. Apache 2.0, inapoeleza chanzo ni nini, inahesabu na chanzo cha nyaraka. GPL inaweza kuwekwa kwenye kazi yoyote ya maandishi, kwa hiyo README (faili la utangulizi wa mradi) ikisema mradi mzima uko chini ya GPL, sura zile kumi na mbili zimo. BSD ndiyo yenye utata: inazitaja nyaraka pale tu inapodai tangazo la hakimiliki linakiliwe humo, na hilo peke yake lisikupe ujasiri.

Tafuta kwa amri hizi mbili, ukiwa kwenye mzizi wa repo:

grep -rniE "licen[sc]e|copyright" docs/ README* COPYING* LICENSE*

git shortlog -sne HEAD -- docs/

Ya kwanza inakuonyesha kila mahali neno la leseni au hakimiliki lilipojificha, hata chini kabisa ya faili la usanidi wa kurasa. Ya pili inakupa majina ya wote waliogusa folda hiyo na idadi ya michango yao. Ukikosa leseni, waandikie wenye mradi: taja mafaili kwa majina, pendekeza leseni moja mahususi, na uombe waiweke ndani ya repo. Jibu la "tumia tu ndugu" kwenye WhatsApp linaweza kukutosha wewe, ila halimfikii mtendaji wa kata utakayempa nakala, wala yule atakayemdurufia mwenzake.

Ukiandika info emacs, mwongozo hauji

Kompyuta ina Debian (mfumo wa uendeshaji huria), Emacs (programu ya kuhariri maandishi) inafunguka, lakini mwongozo wake haupo. Ukiandika info make unaletewa ukurasa wa man tu. Watu husakinisha upya Emacs mara tatu na hali haibadiliki, kwa sababu hakuna kilichoharibika.

Chanzo ni leseni. Miongozo mingi ya GNU, mradi wa programu huria unaotoa Emacs, iko chini ya GFDL, leseni ya GNU ya nyaraka inayomruhusu mwandishi kuteua sehemu ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzibadilisha wala kuzifuta. Mwongozo wa Emacs, kwa mfano, umeiteua Ilani ya GNU kuwa mojawapo. Machi 2006 wanachama wa Debian walipiga kura na kuamua hivi: GFDL isiyo na sehemu za namna hiyo ni huria, GFDL yenye nazo siyo. Miongozo iliyoangukia upande wa pili ikahamishiwa kwenye tawi la non-free, ambalo halimo kwenye usakinishaji wa kawaida.

Fungua orodha ya vyanzo vya apt (chombo cha Debian cha kusakinisha), uhakikishe mstari una matawi haya (bookworm ni jina la Debian 12; weka jina la toleo lako):

deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware

Kuna mtego hapa. Tangu Debian 12, iliyotoka Juni 2023, tawi la non-free-firmware (programu ndogo zinazoendesha vifaa) limetengwa na non-free. Msakinishaji hukuwekea lile la firmware ili kadi ya Wi-Fi ifanye kazi, wewe ukiona neno non-free unadhani yote yamo. Miongozo haimo. Ongeza non-free lenyewe na contrib, kisha:

sudo apt update

sudo apt install emacs-common-non-dfsg gcc-doc make-doc gdb-doc glibc-doc-reference

Kwa maabara isiyo na intaneti, tuseme shule ya Kongwa, pakua pakiti kwa apt-get download kwenye kompyuta yenye toleo lilelile la Debian, zibebe kwenye flashi, usakinishe kwa sudo dpkg -i. GFDL inaruhusu kuzigawa. Debian iliondoa miongozo hii kwenye tawi kuu kwa sababu ya uhuru wa kuibadilisha, na haijazuia mtu kuisambaza.

Sura mbili hazikubali kukaa kitabu kimoja

Hili ndilo linalokula muda wa watu wengi. Mtu ana sura nzuri kutoka mwongozo wa GNU, aya tatu kutoka Wikipedia na jedwali kutoka mwongozo wa LibreOffice. Anazishona pamoja, kisha anajiuliza aandike leseni gani kwenye ukurasa wa pili. Pengine jibu ni kwamba hakuna leseni inayoweza kuandikwa hapo.

Leseni zenye sharti la "kazi itokanayo ibaki chini ya leseni hii hii" hugombana zenyewe kwa zenyewe. GFDL inadai kitabu kizima kiwe GFDL, CC BY-SA, mojawapo ya leseni za Creative Commons (CC), inadai kiwe CC BY-SA. Zote mbili huria, zote mbili zina nia njema, na haziwezi kulala kitanda kimoja.

Njia zilizo wazi ni hizi. CC BY 4.0, ambayo haina sharti hilo ila inataka mwandishi atajwe, inaingia kwenye kitabu cha CC BY-SA 4.0 bila shida. CC BY-SA 3.0 au 2.0 inaingia kwenye CC BY-SA 4.0, kwa sababu inaruhusu kazi itokanayo nayo itolewe kwa toleo la baadaye. CC BY-SA 4.0 inaingia kwenye GPL toleo la 3 tangu Oktoba 2015, lakini hiyo ni barabara ya upande mmoja: maandishi ya GPL hayarudi kwenye CC BY-SA. Na kama mradi ni wa "GPL toleo la 2 tu", mlango umefungwa.

Chochote chenye NC (kisitumike kibiashara) au ND (kisibadilishwe) si huria, hata kama nembo yake ya CC inafanana na nyingine. ND inakataza kusambaza hata tafsiri.

Utakutana na mtu anayeshikilia kwamba GFDL 1.3 inaruhusu kuhamia CC BY-SA. Amesoma kifungu cha 11 nusu. Kifungu hicho kiliandikwa Novemba 2008 kwa ajili ya tovuti kubwa zinazohaririwa na umma, kilihamishia kwenye CC BY-SA 3.0, na muda wake uliisha tarehe 1 Agosti 2009. Wikipedia ilipita katika dirisha hilo. Mwongozo wako haupiti.

Hata hivyo Wikipedia yenyewe inakuachia upenyo. Maandishi yake mengi bado yanatolewa kwa leseni mbili, CC BY-SA na GFDL, isipokuwa yale yaliyoingizwa kutoka chanzo cha CC BY-SA pekee. Ukitaka kuchomeka aya yake kwenye mwongozo wa GFDL, fungua historia ya makala hiyo na maelezo ya chini ya ukurasa, uangalie kama aya husika imetoka kwingine. Kama haikutoka kwingine, ichukue kwa upande wa GFDL.

Zikigoma kabisa, usizichanganye, ziweke kando kwa kando. Flashi moja inaweza kubeba vitabu viwili, kila kimoja na leseni yake, na GFDL yenyewe inazungumzia mkusanyiko wa kazi zinazojitegemea. Unachokwepa ni kuzimumunya ziwe aya moja. Njia nyingine ni kuandika upya. Hakimiliki inalinda maneno na mpangilio wa maelezo. Amri yenyewe na hatua za kusakinisha si mali ya mtu. Elewa jambo, funga kitabu, fungua terminali, lifanye, kisha andika ulichokiona kwenye skrini. Kubadilisha maneno matano katika kila sentensi huku chanzo kiko wazi pembeni ni tafsiri iliyovaa kofia.

Tafsiri imekamilika, mtu anasema imekiuka leseni

Tafsiri ni kazi itokanayo na kazi nyingine. Kiswahili hakifuti leseni ya Kiingereza. Hilo likieleweka, kinachobaki ni kujua leseni husika inamdai mtafsiri nini.

Tuanze na rahisi. Miongozo ya LibreOffice hutolewa kwa leseni mbili kwa hiari ya mtumiaji: GPL toleo la 3 au la baadaye, ama CC BY 4.0 au la baadaye. Chagua moja na uitaje. Kwa kijitabu cha kuchapwa tunapendekeza CC BY, kwa sababu GPL itakudai kutoa na chanzo, yaani faili la odt, kwa kila unayempa nakala. Majina ya waandishi yapo kwenye ukurasa wa hakimiliki mwanzoni mwa kila mwongozo, wachangiaji wa toleo hilo na wa matoleo yaliyotangulia. Yanakili yote. Ukurasa wa pili wa kijitabu cha Hombolo usomeke hivi, ukijaza nafasi zilizo wazi:

"Kijitabu hiki kimetafsiriwa na kufupishwa kutoka Calc Guide, toleo la ……, kilichoandikwa na timu ya nyaraka ya LibreOffice: (majina). Chanzo: (anwani). Chanzo kilitumiwa chini ya CC BY 4.0, https://creativecommons.org/licenses/by/4.0/. Mabadiliko: picha zote za skrini ni mpya, mifano ya sura ya 2 na ya 4 imebadilishwa kuwa hesabu za zabibu, sura ya 9 hadi ya mwisho zimeachwa. Tafsiri hii inatolewa chini ya CC BY-SA 4.0, https://creativecommons.org/licenses/by-sa/4.0/. Timu ya LibreOffice haijaipitia wala kuiidhinisha tafsiri hii."

Kinachosahaulika zaidi hapo ni mstari wa mabadiliko. Leseni inadai useme kwamba umebadilisha. Kuandika "imetafsiriwa" peke yake wakati umeacha sura nzima ni kumsingizia mwandishi. Na nembo ya programu haimo kwenye leseni ya maandishi: ina kanuni zake za alama ya biashara, kwa hiyo usiipambe juu ya jalada kana kwamba kijitabu kimetoka kwao.

GFDL ni mzigo mzito zaidi. Kitabu kilichobadilishwa, na tafsiri imo, kinadaiwa mambo haya: kichwa tofauti na cha awali, isipokuwa mchapishaji wa kwanza akuruhusu, majina ya waliobadilisha kwenye ukurasa wa kichwa, pamoja na waandishi wakuu wasiopungua watano wa kitabu cha awali, au wote kama hawafiki watano, jina la mchapishaji wa toleo jipya, sehemu ya historia ihifadhiwe na iongezwe mstari wenye kichwa, mwaka, waandishi wapya na mchapishaji, anwani ya kupatia nakala ya awali ibaki, sehemu ya uidhinishaji, kama ipo, ifutwe, na leseni nzima iwemo bila kuguswa.

Leseni hiyo unaweza kuiweka kwa Kiswahili, ila asili yake ya Kiingereza lazima iwepo, na zikitofautiana asili ndiyo inayoshika. Sehemu zisizobadilishwa haziruhusiwi kutafsiriwa badala ya asili mpaka wenye hakimiliki wakubali. Kinachoruhusiwa bila kuuliza ni kuweka tafsiri pembeni na kuiacha asili mahali pake. Kwa hiyo anayetafsiri mwongozo wa Emacs ataichapa Ilani ya GNU kwa Kiingereza, apende asipende. Vichwa vya Historia, Shukrani na Tabaruku vyenyewe vinaweza kutafsiriwa.

Nakala 120 kwa steshenari

Fotokopi inaonekana jambo dogo, lakini GFDL imeweka mpaka wenye namba: zaidi ya 100. Nakala 100 kamili bado uko salama, 101 umevuka.

Ukishavuka, mawili yanakudai. La kwanza, kama tangazo la leseni lina maandishi ya jalada, jalada la kila nakala liyabebe kwa kusomeka. Maandishi ya mbele hayazidi maneno 5, ya nyuma hayazidi 25. Miongozo mingi ya GNU inadai jalada la mbele liwe na "A GNU Manual". Steshenari huweka jalada la manila tupu na kubaindi. Mwambie mapema achape karatasi ya jalada.

La pili ni chanzo. Kitabu cha karatasi, na PDF inayotoka kwenye programu ya kuandikia, ni nakala ambazo hazihaririki kirahisi. Ukigawa zaidi ya 100 za namna hiyo, ama uambatanishe kila moja na faili linaloharirika, kama maandishi matupu, Texinfo, LaTeX au HTML sahili, ama uandike ndani yake anwani ya mtandaoni ambapo faili hilo linapatikana. Anwani hiyo ibaki hai mwaka mmoja tangu siku ulipogawa nakala ya mwisho. Mafunzo yakianza Juni na nakala ya mwisho ikatoka 14 Agosti, kiungo kisife kabla ya 14 Agosti ya mwaka unaofuata. Kiungo cha Drive kinachomwambia msomaji "omba ruhusa" hakijatimiza sharti, maana faili linatakiwa lipatikane na umma.

Kwa kipeperushi cha karatasi moja, GFDL haifai kabisa. Leseni nzima ina kurasa kadhaa, na lazima iambatane. Utagawa karatasi moja ya maelezo na gamba la leseni nene kuliko maelezo yenyewe. Andika upya kwa maneno yako, au mwombe mwenye haki akupe leseni ya pili.

Kuhusu bei: GFDL, CC BY, CC BY-SA na GPL zote zinaruhusu kuuza nakala, kwa gharama ya karatasi au kwa faida. NC ndiyo inayoleta ubishi. Mahakama za rufani za Marekani, 2018 na 2019, ziliamua kwamba duka la kudurufu linalolipwa na mtu mwenye ruhusa ya NC halivunji leseni kwa kumchapia. Hukumu hizo hazifungi mahakama zetu. Isitoshe, zinahusu duka linalochapa kwa agizo la mteja. Anayechapa mwenyewe akapanga rafuni na kuuza hana pa kujificha.

PDF isiwekewe kizuizi cha kunakili. GFDL na CC zote zinakataza kumfungia msomaji kwa njia za kiufundi haki alizopewa na leseni. Ukitengeneza PDF kwa Export ya LibreOffice, angalia kichupo cha usalama na uache nafasi ya nywila ya ruhusa ikiwa tupu.

Mfano wa msimbo umekwama kwenye kitabu

Mwanafunzi ananakili mistari 40 kutoka mwongozo wa GFDL kuingiza kwenye programu ya GPL. GFDL na GPL zimezaliwa nyumba moja, lakini hazichanganyiki. Leseni yenyewe inapendekeza mifano mirefu itolewe pia kwa leseni ya programu. Tafuta tangazo hilo mwanzoni mwa kitabu. Lisipokuwepo, andika msimbo wako.

Kinyume chake kipo pia: maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo wa GPL, kisha yakachomolewa na Doxygen kuwa sura ya rejea, yanabaki GPL. Kuyabandika kwenye mwongozo wa GFDL anaweza tu mwenye hakimiliki zote mbili. Mradi wa GCC (kikusanyi cha msimbo cha GNU) umewahi kusumbuliwa na jambo hili hili, kwa hiyo usijione mzembe.

Kwa mifano iliyotoka Stack Overflow (tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu), tazama tarehe ya jibu: kabla ya 8 Aprili 2011 ni CC BY-SA 2.5, kisha 3.0 mpaka 2 Mei 2018, baada ya hapo 4.0. Hilo la 4.0 pekee ndilo linaloingia moja kwa moja kwenye GPL toleo la 3. Mifano ya nyaraka za Python haina shida: tangu 3.8.6 inatolewa pia kwa BSD isiyo na sharti lolote.

Ukiandika mwongozo mpya, maandishi yape CC BY-SA 4.0 na mifano uipe leseni ileile ya programu. GFDL iache kwa wanaochangia miongozo ya GNU.

Picha

Picha za skrini hubeba vitu vya watu wengine. Ramani ya OpenStreetMap ndani ya QGIS (programu ya ramani) inadai maneno ya kuwataja wachangiaji wa OpenStreetMap. Data yake iko chini ya ODbL, leseni ya hifadhidata, tangu Septemba 2012. Picha ya setilaiti ya kampuni ya biashara iliyotandikwa chini ya mipaka ya kata za Bahi huna mamlaka ya kuipa CC BY-SA. Izime kabla ya kupiga picha. Na kama jedwali lina majina na namba za simu za wananchi, suala limetoka kwenye leseni limeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023. Tengeneza data ya kubuni.

Aliyeandika hana haki ya kutoa

Ofisa wa serikali kule Mtumba anaandika mwongozo mzuri saa za kazi, anaubandika CC BY. Mkataba wake usiposema vinginevyo, haki za kazi iliyofanywa ndani ya ajira ni za mwajiri. Pata barua ya mwajiri yenye kumbukumbu namba, inayotaja kichwa cha mwongozo na leseni kwa jina na toleo. "Ruhusa ya kuchapisha mtandaoni" haitoshi. Kuchapisha ni jambo moja, kuruhusu wengine wabadilishe ni jingine.

Mnataka kubadili leseni, mchangiaji mmoja hapatikani

Leseni haibadilishwi kwa kura. Kila mwenye kipande aridhie, au kipande chake kiandikwe upya. Rudi kwenye git shortlog, tenga waliorekebisha herufi mbili tatu na walioandika aya, waandikie wa pili mmoja mmoja, na uhifadhi majibu ndani ya repo. Kabla ya yote hayo tazama kama tangazo lilisema "au toleo lolote la baadaye". Mwongozo wa "GFDL 1.1 au la baadaye" unaweza kuuchukua kama 1.3 leo hii, bila kumuuliza mtu. Ulioandikwa "1.2" peke yake hauna ngazi hiyo.

Kazi ikisafishwa, iwekee alama zinazosomwa na mashine. Chombo cha reuse cha FSFE, shirika la programu huria la Ulaya, kinafanya hivyo:

pipx install reuse

reuse download CC-BY-SA-4.0

reuse annotate --license CC-BY-SA-4.0 --copyright "Kikundi chenu" docs/sura-03.md

reuse lint

Amri ya mwisho inakutajia kila faili lisilo na leseni au jina la mwenye haki. Kwa picha ya PNG, ambayo haiwezi kuandikwa ndani, taarifa hukaa kwenye faili la pembeni lenye jina lilelile na mwisho wa .license. Chombo hiki hakipimi kama leseni zinapatana. Kinaweza kukupa alama ya kijani kwenye kitabu kilichochanganya GFDL na CC BY-SA katika aya moja.

Umepokea lalamiko

Tazama toleo la leseni kwanza, maana saa inahesabika tofauti. Chini ya CC 4.0, ukirekebisha ndani ya siku 30 tangu ulipogundua kosa, haki zako zinarudi zenyewe. GFDL 1.3 inampa aliyekosea kwa mara ya kwanza siku 30 tangu apokee taarifa. Na ukiacha kukiuka, mwenye haki asipokuandikia ndani ya siku 60, umerudi moja kwa moja. CC 3.0 na GFDL 1.2 hazina huruma hiyo: haki zilikatika siku ya kosa, na utahitaji ruhusa mpya kwa maandishi.

Simamisha ugawaji siku hiyohiyo, rekebisha ukurasa wa pili, kisha mjibu mlalamikaji ukitaja tarehe uliyosimamisha, kilichorekebishwa na anwani ya toleo jipya. Nakala zilizokwisha kugawiwa Chamwino zichapie karatasi ya masahihisho. Halafu pita steshenari. Faili la zamani bado liko kwenye desktop ya kompyuta yao, kati ya CV na kadi za mchango, na mteja mwingine akiliomba litachapwa vilevile lilivyo. Lifute mbele ya mwenye duka, uwaachie lililosahihishwa.